Nilimpigisha mswaki mbwa wa mama mkwe, Nyakakika wakatoka na mapanga

Wakuu, habari za mihangaiko. Mlioshiba na mnaosubiri sufuria ichemke, nyote nawasalimu.

Najua humu kuna watu wakiona uzi mrefu tu wanaandika "chai", yaani hadithi ya kutunga. Leo naomba mweke vikombe chini. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, mke wangu ni shahidi, na mpaka sasa nikipita Nyakakika kuna watu wananiita Bwana Mswaki. Jina la mtu halitungwi hivi hivi.

Majina ya watu nimeyabadilisha, maana ukweni kuna vijana wanasoma humu.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mhaya wa Muleba. Nina duka la vifaa vya umeme hapa Rubwera, Kyerwa. Nauza balbu, nyaya, soketi na sola ndogo ndogo.

Ndiyo, Mhaya. Najua mmeshaanza kucheka. Wenzetu wanatuita nshomile, yaani watu wa "mimi nimesoma". Wahaya wengi wanasingiziwa. Mimi kwa hili sikusingiziwa, na mtaona wenyewe mbele.

Mke wangu, Jovina, ni Mnyambo wa Nyakakika, Karagwe. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, watoto wote wana maisha yao huku na kule, kwa hiyo mama mkwe anaishi peke yake kwenye kibanja chake. Kwa msio wa Kagera, kibanja ni nyumba pamoja na migomba na mibuni inayoizunguka. Ndiyo chakula, ndiyo hela, ndiyo heshima ya mtu.

Sasa ukweni kwangu bado wanashika adabu za zamani. Mimi na mama mkwe tunaheshimiana mpaka basi. Sili mbele yake. Hata kucheka nikaonyesha meno naona soni. Akitaka kuniambia kitu anamwambia Jovina, halafu Jovina ananiambia mimi niliyekaa hapo hapo na nimeshasikia kila neno. Nami najibu kwa kupitia Jovina. Mgeni akitukuta anaweza kudhani tunatafsiriana lugha.

Vijana mtasema hayo yamepitwa na wakati. Sawa. Nendeni mkamwambie yeye.

Huyo mama ana mbwa anaitwa Waseme.

Jina hilo alimpa mwenyewe. Mzee alipofariki, majirani walianza kunong'ona kwamba peke yake hataweza kibanja, atauza aende kulelewa mjini na watoto. Yeye akachukua kambwa kadogo ka rangi ya udongo, akakapa jina la Waseme, akawa anakaita kwa sauti kubwa kila jioni. Walioelewa wakaelewa.

Kazi ya Waseme ni ngedere. Ambaye hajalima ndizi na mahindi karibu na vichaka hawajui ngedere. Wanakuja ukoo mzima, wanakula robo na kuharibu iliyobaki, halafu wanakaa juu ya mti wanakuangalia. Mama akisikia wamekuja, anarusha mawe, Waseme anawakimbiza mpaka mpakani. Kwa miaka yote hiyo mama amevuna vizuri kuliko majirani zake, na kila mtu anajua ni kwa sababu ya yule mbwa.

Jioni Waseme analala mlangoni, mama anamsimulia mambo ya siku nzima kwa Kinyambo. Jovina anasema yule mbwa ndiye mtoto pekee asiyemkatiza mama yake maneno.

Tatizo likaanza mwaka huu, msimu wa kuchuma kahawa. Mama akapiga simu. Waseme hali. Anasogelea chakula, ananusa, analamba kidogo, anarudi kulala. Udenda unamtoka upande mmoja. Mdomo unanuka mpaka mama amemhamisha mlangoni. Na ngedere wameshajua, wanakuja mchana kweupe.

Mbaya zaidi, kulikuwa na uvumi kwamba upande wa Kituntu kuna mbwa ameshikwa na kichaa na kung'ata watu. Kweli au uongo, sijui. Ila jirani wa mama, mzee mmoja nitakayemwita Mzee Laurenti, akamwendea akamwambia: "Mama Jovina, mbwa anayetoa udenda si wa kusubiri. Niruhusu nikumalizie kazi."

Mzee Laurenti si mtu mbaya, niseme hilo mapema. Mdogo wake aling'atwa zamani na mbwa mwenye kichaa, hawakuwahi hospitali, akafa wakimwangalia. Mtu aliyeona kitu hicho huwezi kumlaumu akiogopa udenda.

Mama akamwambia ampe siku kidogo. Kwenye simu alimwambia Jovina, "Huyu akiondoka sijui jioni nitakuwa naongea na nani." Simu ilikuwa kwenye spika. Nilisikia, na wakuu, roho iliniuma.

Hapo ndipo unshomile wangu ulipoamka.

Nikamwambia Jovina niachie mimi. Nikaweka bando, nikaingia mtandaoni, nikaandika "mbwa kunuka mdomo, udenda, hali chakula". Majibu yakaja kwamba huenda ni meno. Nikasoma kwamba mbwa na paka wanapata ukoga na fizi kuoza kama sisi, na kwamba huko kwa wenzetu wanawapigisha mswaki. Nikakuta na video. Mzungu mmoja amekaa kwenye sofa, mbwa amelala mapajani, mswaki unaenda kushoto kulia, mbwa ametulia anasinzia.

Nikajisemea, kumbe kazi yenyewe ndiyo hii.

Video ilikuwa ndefu. Mimi niliangalia mwanzo, nikaona nimeelewa. Kama ningeiangalia mpaka mwisho, huu uzi usingekuwepo.

Jumamosi asubuhi tukawasha pikipiki, mimi na Jovina, tukapita Omurushaka tukaingia Nyakakika jua likiwa limeshachangamka. Mfukoni nina mswaki mpya na tyubu ya dawa ya meno. Hii hii ya kawaida, ya mint, tunayotumia mimi na wewe.

Tukafika. Nikasimama pembeni kama inavyotakiwa, nikasalimia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba akiangalia migomba. Akamuuliza Jovina kama tumesafiri salama. Jovina akaniuliza kama tumesafiri salama. Nikajibu tumesafiri salama.

Waseme alikuwa amelala chini ya mbuni. Alinitambua, akapiga mkia mara chache, akauacha. Amekonda, mbavu zinahesabika. Harufu ya mdomo ilinifikia kabla sijainama.

Mama akaenda mbele ya nyumba kugeuza kahawa aliyoanika kwenye turubai. Mimi na Jovina tukamchukua Waseme nyuma ya nyumba. Jovina akamshika kichwa, mimi nikakamua dawa ya meno kwenye mswaki. Nikaijaza vizuri, maana harufu ile haikuwa ya kubania.

"Una uhakika?" Jovina akaniuliza.

"Tulia wewe mama, hii ni sayansi."

Upande wa kulia ulikwenda vizuri. Waseme aliduwaa tu, nadhani hajawahi kuona dharau ya namna hiyo maishani. Povu likaanza kutoka, jeupe, zuri, linanukia mint. Nikamwambia Jovina aone mwenyewe, mbwa ameanza kunukia kama bwana harusi.

Nikahamia upande wa kushoto.

Wakuu, huko ndiko kulikokuwa na jino lenyewe. Mswaki ulipoligusa, Waseme alitoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mbwa. Akaniruka, akamwangusha Jovina, povu likanipaka shati zima, na alipopata nafasi akatoka mbio kuzunguka nyumba, akapita katikati ya kahawa ya mama, akaingia barabarani.

Sasa jaribuni kuiona picha. Mbwa aliyekonda. Mbwa ambaye kijiji kizima kinamjua kwamba ni mgonjwa. Anakimbia huku anatikisa kichwa, anapiga mdomo kwa makucha, na povu jeupe linaruka kila upande. Wiki ile ile ya uvumi wa Kituntu.

Wa kwanza kumwona alikuwa mke wa Mzee Laurenti. Alitupa ndoo, akapiga yowe.

Kwa wasiojua mila zetu, yowe kule linaitwa enduru, na enduru haina mjadala. Ukiisikia unatoka. Uwe unakula, uwe unaoga, unatoka na chochote kilicho karibu na mkono wako. Asiyetoka ataulizwa kesho alikuwa wapi, na jibu lake litapimwa. Anayeisikia naye anaipokeza, kwa hiyo inatembea mlima hadi mlima kuliko mtandao wa simu.

Mpaka mimi nafika barabarani, watu walishajaa. Mapanga, majembe, fimbo, michi. Kuna mwanakwaya mmoja alitoka mazoezini akiwa na mkuki, mpaka leo sijui aliutoa wapi kanisani. Watoto wameshafungiwa ndani wanachungulia madirishani.

Nikakimbia nikipiga kelele, "Waitu jamani, subirini! Ni dawa ya meno! Ni dawa ya meno hiyo!"

Hakuna aliyenielewa. Nani anaweza kuelewa? Mbwa na dawa ya meno vinakutana wapi? Halafu kuna mtu akaniangalia shati. Limejaa povu kuanzia kifuani mpaka mikononi.

"Mama wee! Ameshamng'ata mkwe!"

Basi nami nikawa mgonjwa. Watu wakanikwepa kinyumenyume. Mama mmoja akanielekezea mchi akaniambia nisisogee, Mungu atanisaidia nikiwa hapo hapo. Mimi najieleza, wao wanasikitika. Nasikia mtu anauliza huyu mkwe watoto wake ni wadogo kiasi gani. Msiba wangu ulishaanza kupangwa na mimi nimesimama.

Waseme hakwenda mbali. Mwili haukuwa na nguvu. Alirudi nyumbani akaingia pembeni ya ghala la mama, kwenye kona ya ukuta na rundo la kuni. Hakuna pa kutokea. Watu wakajipanga nusu duara. Mzee Laurenti mbele na panga.

Halafu mama mkwe akapita katikati yao.

Hakukimbia. Alitembea na kitenge chake, miguu imejaa vumbi la kahawa, akasimama mbele ya zile kuni, akawageukia.

"Laurenti, kama ni mgonjwa nitamfunga mimi, na kama ni wa kufa atafia hapa kwangu. Ukitaka kumpiga leo, anza na mimi."

Mzee Laurenti akasema, karibu kulia, "Mama Jovina, toka hapo. Wewe hujui kifo kile kilivyo. Mimi najua."

Hakuna aliyesogea. Hakuna aliyerudi nyuma pia. Kila aliyekuwa pale alikuwa anasubiri mwingine aanze, na ninyi mnajua umati ukifika hapo, akitokea mmoja tu mwenye kiherehere, yameisha. Waseme analamba lamba midomo nyuma ya mama. Yule mama anamtetea mbwa kwa mwili wake kwa sababu ya upuuzi wangu mimi.

Maneno yangu yalishashindwa. Watu wanaamini macho. Nikatoa tyubu mfukoni, nikaiinua juu, nikapiga kelele moja kubwa, "Jamani niangalieni mimi!"

Wakageuka.

Nikakamua dawa kwenye kidole. Nikaingiza mdomoni. Nikaanza kusugua.

Mnakumbuka nilivyowaambia kuhusu mimi na mama mkwe. Mtu ambaye sijawahi kutafuna hata punje ya karanga mbele yake. Sasa nimesimama uani kwake, mbele ya kijiji na kwaya, nimepanua mdomo mpaka magego yanaonekana, nasugua, natoa povu, linashuka kidevuni, linadondoka kwenye viatu. Na sikuacha. Nilisugua na ulimi. Nikapiga mapovu kwa makusudi ili waone.

Watu wakanyoosha shingo waone.

Kisha nikatema chini, pembeni ya povu la Waseme lililokuwa limedondoka kwenye udongo. Rangi moja. Harufu moja. Nikamwambia Mzee Laurenti, "Mzee wangu, njoo unuse."

Mzee akatoka kwenye mstari, panga mkononi, akainama akanusa la mbwa. Akanusa langu. Akainuka taratibu akaniangalia, na mwisho akauliza swali ambalo nadhani kila mtu alikuwa nalo.

"Sasa wewe mwanangu, mbwa unamtengeneza aende wapi?"

Hapo mtu mmoja akacheka. Akafuata mwingine. Baada ya muda kidogo watu wameshikilia mapanga yao wanacheka mpaka wanaegemea migomba. Yule mwanakwaya alikaa chini kabisa. Nikamtupia jicho mama mkwe. Alikuwa amejifunika uso na kitenge, mabega yanatikisika, nikadhani analia. Jovina akaniambia baadaye kwamba alikuwa anacheka mpaka amebanwa na mbavu.

Lakini wakuu, udenda wa mwanzo ulikuwa bado haujapata maelezo. Mwenyekiti wa kitongoji, mtu wa busara, akasema Waseme asipigwe ila asiachiwe. Mama akamfunga kamba pale pale mwenyewe, kwa mbali, kwa kitanzi kilichofungwa kwenye fimbo ndefu. Akapigiwa simu daktari wa mifugo, akaja alasiri kwa pikipiki. Dada mmoja mkavu, nimwite Daktari Editha.

Alisikiliza kisa chote bila kutabasamu, jambo lililonitisha. Kisha akaanza na mimi.

Akaniuliza, "Ulipoona mbwa anatoa udenda na hali, ulijuaje kwamba si kichaa?"

Nikasema nilisoma.

"Ulisoma wapi kwamba uingize mkono?"

Nikaficha mikono nyuma ya mgongo.

Akaniambia bahati yangu ni moja, kwamba Waseme alichanjwa kwenye kampeni ya chanjo na aliyemchoma sindano ni yeye mwenyewe, anamkumbuka kwa sababu alimkojolea buti. Hata hivyo akaniamuru nioshe mikono kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, akanikagua kama nina mchubuko, na akanituma kituo cha afya wakaniangalie. Nilikwenda. Sikubisha.

Halafu dawa ya meno. Akasema sisi tunasukutua na kutema, mbwa hatemi, anameza. Na baadhi ya dawa zetu zina vitu vya kuongeza utamu ambavyo kwa mbwa ni sumu kabisa. Akampa Waseme maji, akasema tumwangalie kama atatapika au kulegea.

Waseme akanywa yale maji. Mtu mmoja kwenye umati akasema basi amepona, mwenye kichaa huogopa maji. Daktari akamgeukia naye. Akasema hicho si kipimo, mbwa mwenye kichaa anaweza kunywa maji vizuri tu akakung'ata baadaye. Watu wakarudi nyuma tena hatua kadhaa. Yule dada hakuwa na mpango wa kumfurahisha mtu yeyote siku ile.

Akamchoma Waseme sindano ya usingizi. Alipolegea kabisa, akavaa glavu, akafungua mdomo, akamulika na tochi. Akatuita tuone.

Gego kubwa la juu upande wa kushoto limepasuka katikati, limeoza mpaka kwenye mzizi, fizi imevimba na usaha ndani. Meno mengine yana ukoga mgumu wa kahawia, na ncha zimesagika. Kwa maumivu yale, daktari akasema, mtu mzima angekuwa analia barabarani.

Akauliza, "Huyu mbwa anatafuna mawe?"

Tukaangaliana. Mama mkwe akajibu, safari hii bila kupitia kwa Jovina, "Hatafuni. Ananirudishia."

Kumbe kila jiwe ambalo mama alikuwa anawarushia ngedere, Waseme akishawafukuza alikuwa anaokota jiwe kwa meno na kumletea tena miguuni. Mama akaona mbwa wake ana akili, anamwekea akiba ya silaha. Akawa anampongeza. Miaka yote hiyo. Ndiyo maana mama hajawahi kuishiwa mawe mlangoni, na ndiyo maana Waseme amemaliza meno.

Mama aliposikia hivyo alishika mdomo. Daktari akalainika kwa mara ya kwanza, akamwambia, "Mama, hukujua. Ila kuanzia leo, rusha mabonge ya udongo."

Jino likang'olewa. Lilitoka vipande vipande, ilichukua muda, na daktari alitokwa jasho. Akakwangua ukoga aliouweza, akachoma dawa ya maumivu na ya usaha, akaacha nyingine za kuchanganya kwenye chakula. Akasema pamoja na hayo yote Waseme akae amefungwa na aangaliwe kwa siku kadhaa, kwa sababu chanjo ni chanjo lakini tahadhari haiozi.

Alipokuwa anafunga begi, Mzee Laurenti akamsogelea polepole, akashika shavu. "Daktari, na mimi hili la huku nyuma linanisumbua muda sasa."

"Mzee, mimi ni wa miguu minne. Nenda hospitali."

Mzee akasema sawa, lakini hakuonekana kuridhika.

Sisi tulirudi Rubwera Jumapili baada ya misa, Waseme bado amelala lala, hajagusa kitu zaidi ya maji na uji. Mama hakusema mengi. Mimi sikuwa na uso wa kumwangalia mtu.

Jumamosi iliyofuata tukarudi. Nikiwa bado sijazima pikipiki nikasikia kubweka. Waseme alikuwa amefungwa bado, lakini amesimama, mkia unapiga ukuta. Mbele yake sahani ya bati, ndizi na maharage vilivyopondwa, na amekwangua mpaka bati linang'aa. Harufu hakuna. Nilimsogelea nikiwa na wasiwasi kwamba ananidai, akaninusa mkono muda mrefu, kisha akaulamba. Nilifurahi mpaka macho yakaniloa, sioni haya kusema.

Daktari alipita tena, akamwona mzima, akaruhusu afunguliwe.

Mama mkwe akaniita. Mimi, kwa jina langu, bila kupitia kwa Jovina.

Akanipeleka nyuma, kule mwisho wa mibuni, mahali penye kivuli. Kulikuwa na shimo. Limechimbwa vizuri, limenyooka, udongo umekusanywa pembeni na umeshaanza kukauka.

Akasema, "Nililichimba mwenyewe. Siku ile mliyokuja, asubuhi kabla hamjafika. Nilikuwa nimeshamuaga Waseme."

Nikawaza jinsi alivyoniitikia marahaba siku ile huku akiangalia migomba, kumbe mikono yake ilikuwa imetoka kuchimba.

Akaingia kwenye migomba, akarudi na chipukizi la mgomba amelishika kwa mikono miwili, na jembe akanipa mimi.

"Shimo halikai wazi," akasema. "Nimeshalitia mbolea. Panda."

Nikapanda. Waseme akaja akanusa udongo uliofukiwa, akazunguka mara moja, akalala juu yake. Mama akamfukuza, akamwambia kwa Kinyambo kwamba pale si pake tena.

Wakuu, mafunzo niliyopata ni haya, nayasema bila unshomile wowote.

Mbwa na paka wanaumwa meno, na wenyewe hawasemi. Akianza kunuka mdomo, kutafuna upande mmoja, au kuacha chakula kigumu, usingoje mpaka akonde. Fungua mdomo wa mnyama wako akiwa mzima na mzoeshe mapema, uangalie fizi. Akiwa anatoa udenda na hujui sababu, mkono wako kaa nao, mfungie mahali, ita mtaalamu wa mifugo. Chanjo ya kichaa usiikwepe, ile ndiyo iliyotuokoa mimi na Waseme. Mawe na mifupa migumu si ya kuchezea. Na dawa ya meno ya binadamu ibaki kwa binadamu. Daktari alituonyesha kutumia kitambaa laini chenye maji safi, au mswaki laini bila dawa, taratibu, kidogo kidogo. Zipo dawa maalumu za wanyama ukizipata.

Mama mkwe anamfuta Waseme meno kila jioni sasa, huku anamsimulia mambo ya siku. Mbwa anatulia kabisa. Mimi nina paka dukani, anayekamata panya wanaotafuna nyaya. Nilijaribu naye kile kitambaa. Nimemwonyesha Jovina alama za makucha mkononi, amesema nimestahili.

Mzee Laurenti naye alimpeleka mbwa wake akaangaliwe mdomo. La kwake mwenyewe bado anasema atakwenda wiki ijayo.

Nimemaliza, uwanja ni wenu. Wafugaji wa mbwa na paka, ninyi mnasafisha vipi meno yao? Nani amefanikiwa kwa paka, anipe mbinu kabla sijaisha mikono? Na wale wa kuandika "chai", karibuni Nyakakika mjionee. Mkifika ulizeni tu kwa mama mkwe wa Bwana Mswaki, mtaelekezwa mpaka kwenye mgomba wenyewe, umeshatoa jani la tatu.